Kila Saa Sita

Thandeka mwanangu,

Barua za kwetu Morogoro zilikuwa zikianza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Leo nageuza. Juu yako sina mashaka. Pasipoti umeikagua mara tatu, mjomba wako Salehe, kwa jinsi ninavyomjua, atafika uwanja wa ndege wa huko kwetu kabla ndege yenyewe haijaondoka huku, na nguo umezikunja vizuri kuliko nilivyowahi kukufundisha. Mambo ya kula, kufua na kufunga mlango sitayaandika. Una miaka ishirini na miwili. Mtu asiyejua kufunga mlango kwa umri huo, barua haitamsaidia.

Sasa ni saa kumi alasiri. Umekwenda Doornfontein kuwaaga wenzako wa chuo na umesema utarudi kabla ya giza. Nimekaa kwenye meza ya jikoni. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha ofisini. Kinajua kuomba radhi faili likichelewa, zaidi ya hapo hakijui. Kiswahili chako ni cha masikio, nalijua hilo. Isome taratibu kwa sauti, utaelewa yote.

Nataka kukuambia jinsi baba yako alivyokufa. Unadhani unajua. Hujui, na kosa la kutojua kwako ni langu.

Nianze mbali kidogo. Baba yako aliporudi huku Johannesburg kutoka uhamishoni alinileta mimi, mke wa Kitanzania mwenye sanduku moja, na nchi hii ikanipokea kwa chafya. Septemba ile ya kwanza, nyasi zilipoanza kuchipua, nilidhani nakufa. Macho yaliwasha, pua ilitiririka. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nipate kazi Marshalltown, nikaogopa kuomba ruhusa. Dada mmoja wa pale ofisini akanipa kidonge cha mafua kutoka kwenye mkoba wake. Sikuuliza ni cha nini wala kina nini ndani. Saa tano nilikutwa nimelala juu ya mafaili, mdomo wazi, na alama ya stepla shavuni. Baba yako alicheka wiki nzima. Kila nikipiga mwayo alikuwa akiniuliza, "Mama, nikuletee faili?"

Nakusimulia hilo si kwa ajili ya kicheko. Siku ile nilijifunza jambo nusu, nikalibeba kama jambo zima: kwamba dawa ya mafua inalaza. Nililibeba miaka yote hiyo mpaka likatua kwa baba yako.

Jambo la pili ni saa. Wewe umekulia humo kwa hiyo hulioni. Ofisini kwangu mkutano ukiitwa saa kumi ya kwao, mimi kichwani nasema saa nne. Ninaondoa sita, ninaongeza sita, tangu asubuhi hadi jioni, kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijioni nikifanya hivyo, kama vile mtu asivyojiona akipepesa macho. Saa ya jiko ikionyesha kumi na mbili mchana, mdomo wangu unasema ni saa sita, njooni tule. Baba yako naye alikizoea Kiswahili hicho tangu kule kambi ya wapigania uhuru, Morogoro. Alikuwa akinitania: "Mama Thandeka, ukinikaribisha chakula cha saa moja, nije na njaa ya saa ngapi?" Nyumba yetu ilikwenda hivyo na hakuna aliyewahi kuchelewa.

Sasa dawa yenyewe. Ilikuwa yako. Ulikuwa na miaka kumi na saba na mzio wako ulikuwa umechachamaa. Macho mekundu, usiku hupumui. Tulikwenda wote wawili duka la dawa. Yule mfamasia, mama mwenye miwani ya kamba shingoni, alitoa vidonge kutoka nyuma ya kaunta, akaandika jina lako kwenye daftari kwa kuwa vile haviuzwi ovyo, akaviweka kwenye kichupa cheupe chenye karatasi ya maelekezo. Kisha akakuuliza: una presha? Una tatizo la moyo? Kuna dawa nyingine unayotumia? Ulicheka. Mtoto wa shule na presha, wapi na wapi. Maswali yalikuwa mazuri na yalikuwa yako. Baba yako hakuwepo kuulizwa.

Wiki mbili baadaye alipata kazi ya kufumua makochi ya zamani ya nyumba moja ya wageni. Unaikumbuka karakana yake, ule mlango mmoja na dirisha lisilofunguka. Makochi yale yalikuwa na vumbi la miaka na miaka. Jumatano jioni alirudi pua imeziba kabisa, anaongea kama mtu aliyeingia ndani ya debe. "Mafua," akasema. Na kwetu neno ni hilo hilo moja. Mafua ya baridi, mafua ya vumbi, mafua ya maua, yote mafua, na dawa ya mafua ni dawa ya mafua. Nikafungua droo yako.

Miwani yake alikuwa ameiacha karakana, na maandishi ya kile kichupa yalikuwa madogo kama chawa. Nikamsomea mimi. Yalisema kimoja kila baada ya saa kumi na mbili, kwa tarakimu, moja na mbili. Nikaona nimrahisishie. Nikachukua plasta nyeupe ya kidonda na kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa ambazo hata kipofu angeziona: KIMOJA KILA SAA 6. Nikaibandika juu ya maandishi yao.

Sikukosea kusoma, Thandeka. Niliona kumi na mbili. Mkono ukaandika sita.

Kwa hiyo badala ya viwili kwa siku alikunywa vinne. Aliweka kengele ya simu, unajua alivyokuwa na nidhamu ya kiaskari, hakuruka hata kimoja. Vilikuwa vidonge vya kuyeyuka polepole, kimoja kinafanya kazi nusu siku, na yeye akawa anaongeza kingine juu ya kile ambacho bado kinafanya kazi. Juu yake akawa anakoroga ule unga wa mafua wa kwenye pakiti, ule wa spaza, kile kiduka cha kwenye kona, na limau na maji ya moto. Na kila asubuhi kidonge chake cha presha, kama miaka yote. Presha yake niliijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha tarehe za kliniki. Lakini haikunijia hata mara moja kwamba kitu kinachoingia puani kina habari na presha.

Alhamisi mikono yake ilikuwa inatetemeka akishika kikombe. Ijumaa hakupata usingizi. Alikwenda msalani akakaa, akarudi akinung'unika kwamba hata mkojo umemgomea.

"Eish, Mama Thandeka," akaniambia, "moyo unakimbia na mimi nimekaa."

"Ni mafua yanataka kutoka," nikamjibu.

"Yatoke basi. Sijalala, macho yamekuwa kama ya bundi."

Nikakumbuka yale mafaili ya Marshalltown. Nikamwambia, "Meza cha saa sita mapema, kitakulaza." Akameza, nami nikamshikia glasi ya maji.

Jumamosi asubuhi ndiyo unayoijua wewe. Ulikuwa unapiga pasi sketi yako ya netiboli, muziki uko juu kama Jumamosi zote. Baba yako akatoka chumbani akakufokea. Yule mtu ambaye tangu uzaliwe hakuwahi kukupandishia sauti, ambaye ukivunja sahani alikuwa akisema sahani nazo huchoka. Ulishangaa kwanza. Halafu ukamjibu, na sauti yako ikapita yake. Ulimwambia nyumba hii imekuwa jela na yeye amekuwa bwana jela. Ukabamiza mlango, ukaenda mechi. Baba yako akabaki amesimama pale, akaniuliza, "Nimemfokea Thandeka?" kama mtu anayeuliza habari za jirani. Baada ya saa moja nilisikia kishindo bafuni.

Hospitalini daktari aliniuliza anatumia dawa gani. Nikataja ya presha. "Nyingine?" Nikasema hakuna. Sikuwa namficha kitu wakati ule. Dawa ya mafua sikuwa nimewahi kuihesabu kuwa dawa.

Jumanne akafariki. Sikulia. Nilipanga vikombe kwa ajili ya wageni, nikavihesabu, nikakosea, nikavihesabu tena. Tangu siku ile nina ganzi fulani ambayo watu huiita uvumilivu. Mtu akinipa pole nasikia sauti yake, maana haifiki.

Ni kwenye matanga ndipo shangazi yako Busi aliposema lile neno. Alisema kwa Kizulu, mbele ya wanawake waliokuwa wanamenya viazi, kwamba mtoto ndiye aliyempandisha baba yake presha. Hakujua uko nyuma ya mlango. Simlaumu sana, alikuwa amefiwa na kaka yake wa pekee na alitaka mtu wa kumtupia lawama. Na maneno yale wewe ulikuwa umeyasikia kwangu kabla ya kwake. Tangu unatambaa nakuambia usinipandishe presha. Chakula hujamaliza, unanipandisha presha. Viatu sebuleni, unanipandisha presha. Kwetu ni msemo tu wa kina mama, hauna uzito kuliko kusema hebu toka hapa. Lakini wewe ulimwona baba amekufa kwa presha, ukautafsiri neno kwa neno.

Ulinijia jikoni siku ya tatu baada ya mazishi. "Mama, ni mimi?" Nikakujibu, "Ni kazi ya Mungu." Ukaitikia kwa kichwa, ukaenda kulala. Jibu lile halikuwa ndiyo wala siyo, na wewe ulilichukua kuwa ndiyo.

Siku ile nilikuwa bado sijajua. Nilijua wiki iliyofuata, nilipokuwa nakusanya vitu vyake vya kunyolea. Kile kichupa kilikuwa kwenye rafu ya bafuni. Mvuke ulikuwa umeinua pembe moja ya plasta. Nikaivuta ili nitupe kichupa kikiwa safi, sijui kwa nini, na chini yake ikatokea ile moja na mbili. Nikaangalia plasta mkononi, nikaangalia kichupa. Nilikaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea mpaka ukarudi kutoka shule, ukaniuliza tunakula nini. Nikasema mayai.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mfamasia. Nilimweleza yote, kwa Kiingereza changu cha ofisini. Akanivuta pembeni mwa kaunta. Akaniambia kidonge kile kina dawa mbili ndani yake. Moja inakausha chafya na muwasho, na ndiyo inayowalaza wengine. Ya pili inabana mishipa ya damu ili pua ifunguke, na hiyo haichagui pua. Inabana mwilini kote, inauamsha moyo, inaondoa usingizi, inaweza kumfanya mtu mpole awe mkali. Ule unga wa pakiti nao, akasema, mara nyingi una dawa hiyo hiyo kwa jina jingine. Mtu mwenye presha kama ya mume wangu wasingempa hata kimoja kabla ya kuongea na daktari wake. Nikamuuliza kama ndicho kilichomuua. Akasema hawezi kuniambia ndiyo, na hawezi kuniambia siyo; presha ya miaka mingi ina siku yake. Nikamuuliza swali la pili: mtu anaweza kufa kwa kujibiwa vibaya na binti yake? Akavua ile miwani. Akasema ingekuwa hivyo, Johannesburg isingebaki na baba hata mmoja.

Nilipaswa kuja na maneno hayo nyumbani moja kwa moja. Nilikuja na mkate.

Miaka mitano, Thandeka. Mwanzoni niliogopa utaniangalia vipi. Nilikuwa nimebaki na wewe tu, nikaogopa ukijua nitabaki na nani. Halafu nikaona umebadilika. Ulianza kuongea chini chini. Muziki ukaisha. Hujanijibu vibaya hata mara moja, hujabamiza mlango, ukiudhika unakwenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Na wenzangu wa kanisani, Wakenya wale wanaofanya kazi benki na wake zao, wakawa wananiambia, binti yako ana adabu, umemlea mwenyewe na umemlea vizuri. Nami nikawa nasema asante. Nilijua haikuwa adabu. Nilijua ni mtoto anayeogopa kuua mtu mwingine. Nikapokea sifa, nikaenda nazo nyumbani. Katika yote niliyokutendea, hilo ndilo baya zaidi, kuliko hata plasta. Plasta niliandika sijui. Hili nilifanya najua, kila Jumapili.

Naona aibu. Nakuambia hivyo hivyo bila kupamba.

Najua pia kwa nini umechagua Morogoro. Unasema ni kazi ya maabara, mkataba wa miaka miwili, udongo wa kule una kitu cha kujifunza. Sawa. Lakini nimekuona unavyokoga haraka na mlango wa bafu wazi kidogo. Nimekuona ulivyotafuta kazi nchi za mbali tu, hata Pretoria hukuomba. Kama unakwenda kwa sababu unapataka, nenda na baraka zangu zote. Kama unakwenda kwa sababu nyumba hii ina mtu uliyemuua, basi safari hiyo imetokana na uongo wangu na huna haja ya kuifunga.

Juu ya dawa sitakufanyia darasa. Una mzio na utaendelea kuwa nao. Kule nako kuna maua. Mjomba wako Salehe akikusikia unapiga chafya atatoa kidonge kwenye mfuko wa shati, atakupa kwa upendo kabisa. Ile plasta nayo iliandikwa kwa upendo. Mimi siku hizi nasoma mgongo wa boksi, majina yale madogo yasiyotamkika, nalinganisha na boksi jingine kabla ya kumeza vyote viwili. Namuuliza mfamasia hata kama kuna foleni na watu wananisonya. Nikiulizwa natumia dawa gani, nataja zote, hadi ya mafua. Moyo ukienda mbio naacha, sisubiri mafua yatoke. Na muda wa dawa sisemi tena kila saa ngapi. Nasema asubuhi kimoja, jioni kimoja, ili tarakimu isipate nafasi ya kuniponyoka. Hayo ni yangu. Ukiyataka, chukua.

Ningeweza kuiweka barua hii ndani ya begi lako. Ungeisoma ukiwa angani au kwa mjomba wako, ukalie huko, nami ningekuwa hapa najifanya sijui. Nimewaza hivyo tangu Jumatatu, na mara mbili nimelifungua begi. Nitaiweka juu ya mto wako. Utaikuta ukiingia kubadilisha nguo, na mimi nitakuwa hapa jikoni, sitatoka wala sitapika.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba usije kwa ile sauti ya chini. Usioshe vyombo. Ukiwa na hasira, na nadhani utakuwa nayo, njoo nayo yote ilivyo, niite kila unachotaka kuniita, kwa Kiingereza, kwa Kizulu, bamiza mlango huu mpaka jirani agonge ukuta. Nipandishie sauti, mwanangu. Hakuna aliyewahi kufa kwa sauti yako.

Mama yako